Datsun, Baba Mkubwa na Gereji ya Bunda

Nimekuwa kimya kwa karibu wiki tatu na wachache wenu mmeniuliza kama gazeti limenifukuza. Hapana, bado nipo Musoma, bado naandika habari za vikao vya madiwani na bei ya dagaa pale Mwigobero. Kilichonichukua ni suala la familia. Na kwa namna ambayo mimi mwenyewe bado inanishangaza, suala hilo limenifanya nikeshe nikisoma habari za mashindano ya magari, mimi ambaye hata leseni ya udereva sina. Mnivumilie, leo ni ndefu kidogo.

Baba mkubwa wangu ana gereji Bunda. Miaka ya themanini na tisini, gari likikufia popote kati ya Lamadi na Makutano, watu walikuelekeza kwake. Alikuwa bingwa wa Datsun na Peugeot 504, zile pick-up zilizobeba abiria, mbuzi na magunia ya mihogo kwa safari moja. Alikuwa haangalii kwanza, anasikiliza. Anakuambia washa, anainamisha kichwa, kisha anasema "pointi" au "kabureta inavuta hewa", na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Ubavuni mwa banda lake mpaka leo imekaa Datsun moja juu ya matofali, haina magurudumu, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja mara nyingi na wamefukuzwa mara hizo hizo.

Sasa hivi gereji hiyo inapata magari mawili kwa wiki, wiki ikiwa nzuri. Ng'ambo ya barabara kuna gereji ya kijana aliyekuwa saidia fundi wake kwa miaka sita. Kwa kijana huyo Noah na Probox zinapanga foleni tangu asubuhi. Na mwezi uliopita kijana huyo alituma mtu kwa heshima zote kuuliza kama mzee atauza kiwanja.

Shangazi akanipigia simu. Alisema kuna deni, kuna mnunuzi, na familia itakutana Butiama kwa bibi siku ya Jumamosi. Kazi yangu mimi niende Bunda mapema kumlainisha mzee. "Wewe ndiye msomi," akasema, "na anakusikiliza." Ndugu zangu, ukisikia sentensi hiyo kwenye ukoo wetu ujue umetumwa kufanya jambo ambalo kila mtu mwingine ameliogopa.

Nikawaza, nitaanzia wapi? Nikakumbuka kwamba baba mkubwa ana mapenzi mawili tu nje ya familia yake: Datsun na Safari Rally. Nikaamua nimshike kwa lugha yake. Nitamwonyesha jinsi Datsun ilivyokataa kubadilika, ikapitwa, ikafa. Halafu nitasema: basi na wewe baba mkubwa.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuyafuata mambo haya, Safari Rally ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikabaki ya Kenya peke yake. Lilikuwa shindano la maelfu ya kilometa kwenye vumbi, tope na mito iliyofurika, na magari makali ya Ulaya yalikuwa yanakuja kuvunjikia huku. Sisi Tanzania tulikuwa na Bert Shankland, ambaye akiwa na Chris Rothwell alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Kisha ikaja Datsun. Edgar Herrmann alishinda 1970 na 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala ambaye familia yake ilifukuzwa Uganda na Idi Amin, alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, naye pia wa Datsun, na Mehta ndiye akapewa ushindi. Halafu 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne mfululizo, ni Mehta na Datsun Violet tu. Yeye ndiye dereva wa kwanza kushinda Safari mara tano. Kwa hesabu yangu Datsun ilichukua mashindano 7 kati ya 13, kuanzia 1970 hadi 1982.

Baba mkubwa alizaliwa 1960. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa 1983, kwa hiyo ile miaka minne ya Mehta aliisikia yote redioni, Pasaka kwa Pasaka, kupitia Sauti ya Kenya. Na huku kwetu ilikuwa miaka ambayo mafuta ni ya mgao na Jumapili saa nane mchana magari binafsi yanatakiwa yawe yameegeshwa. Mnaweza kuwaza kijana wa Bunda anasikia kwamba ng'ambo ya Sirari kuna watu wanakimbiza Datsun usiku na mchana kwa siku kadhaa bila kuambiwa wazime.

Nikapanda mchomoko Musoma alfajiri ya Alhamisi, tumebanana wanne nyuma kwenye Probox, nikafika Bunda kabla ya chai. Nikamwamkia, nikakaa kwenye tairi, nikatoa karatasi zangu.

Nikaanza. Nikamwambia 1981 Audi walishaonyesha Ulaya kwamba dunia imegeuka, gari lina turbo na linasukuma kwa magurudumu yote manne. Mwaka huo Michèle Mouton alishinda Sanremo kwa gari hilo. Nissan wakaona, lakini 1983 walikuja na 240RS, injini ya lita 2.4 isiyo na turbo, inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, kama Datsun za jana. Walilala.

Mzee akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "1983 alishinda nani?"

Nikaangalia karatasi. Ari Vatanen, Opel Ascona 400.

"Ilikuwa na turbo?"

Haikuwa nayo. Ilisukuma kwa nyuma pia. Audi mbili zilikuwa ya pili na ya tatu.

"Na 1984?"

Björn Waldegård, Toyota Celica. Hiyo ilikuwa na turbo, lakini nayo ilisukuma kwa nyuma. Ilishinda tena 1985 akiwa nayo Juha Kankkunen, na tena 1986 akiwa Waldegård. Miaka mitatu mfululizo Audi zikiwepo duniani.

"Kwa hiyo mwanangu," akasema, "usiniambie habari ya mashine. Mashine peke yake haijamshinda mtu."

Nakiri niliishiwa. Nilikuwa nimekuja na hadithi nyepesi, ya mzee mkaidi na teknolojia mpya, na mzee akaivunja kwa maswali mawili. Ilibidi nirudi kwenye karatasi zangu nikiwa pale pale juu ya tairi, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu.

Timu ile ya Toyota ilikuwa chini ya Ove Andersson, Msweden, makao yake Cologne, Ujerumani. Andersson hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1975 alikuwa ameshinda Safari yeye mwenyewe akiendesha Peugeot 504. Alijua mawe na mashimo yanafanya nini kwa springi na kwa mwili wa dereva. Alipokuja na Celica alileta gari lenye nguvu za farasi zaidi ya 300 wakati 240RS ilikuwa na kama 240, lakini hakuleta gari la Ulaya lililopakwa rangi ya Safari. Alileta gari gumu. Ugumu ndiyo ilikuwa siri ya Datsun kwa miaka 13: wengine wana kasi, sisi tutafika. Sasa amekuja mtu ambaye naye atafika, tena ana kasi.

Na Nissan wangejuaje? Mwaka 1982 walishinda. Wewe ukiwa bosi wa timu ile, umeshinda Safari miaka minne mfululizo kwa gari la aina moja, nani atakuja kwenye kikao kukwambia tulibomoe? Mimi nisingethubutu. Hata 1985 walikuwa bado wa tatu, Mike Kirkland na 240RS yake. Ukiwa wa tatu hujioni umeanguka, unajiona una bahati mbaya.

Nikamsomea mzee hayo. Hakusema kitu. Alikuwa anaangalia ng'ambo ya barabara, na mimi nikaangalia anakoangalia. Yule kijana alikuwa ameinama kwenye Noah. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma, akakichomoa. Kisha akamwambia mwenye gari awashe, akainamisha kichwa upande mmoja. Akasikiliza.

"Hilo nilimfundisha mimi," baba mkubwa akasema.

Ningeishia hapo ningekuwa na busara. Lakini mwandishi wa habari akishapata mkondo anataka aufikishe ziwani. Nikaendelea na habari ya mwisho ya Nissan, ambayo wapenzi wa mchezo huu wanaikumbuka kwa uchungu. Mwaka 1988 na 1989 Kirkland alikuwa wa pili kwa Nissan 200SX, nyuma ya Lancia ya Miki Biasion, yenye turbo na magurudumu manne yanayosukuma. Hatimaye 1991 Nissan wakaleta Sunny GTI-R ambayo nayo ina kila kitu, turbo na magurudumu yote manne. Safari ile Stig Blomqvist alimaliza wa tano. Nafasi yao nzuri kuliko zote ilikuwa ya tatu Sweden 1992, na mwaka huo ulipoisha wakafunga timu.

Kosa lililosemwa sana ni kipozea hewa ya turbo. Waliweka juu ya injini.

Mzee akageuka. "Juu?"

"Juu, chini ya boneti."

"Nani anaweka kipozeo juu ya moto?" Alikasirika kweli, kama vile gari ni lake. "Injini inachemka, joto linapanda, wewe umeweka cha kupoza hapo hapo! Hata mtoto wa shule."

Nikajibu haraka bila kufikiri kwamba ndivyo inavyokuwa mtu akichelewa halafu akataka kufika kwa siku moja.

Kimya kikaingia. Na hapo nikakumbuka deni limetoka wapi. Miaka mitatu iliyopita baba mkubwa alipoona wateja wanavuka barabara, alikwenda kwenye taasisi moja ya mikopo, akakopa, akanunua mashine kubwa iliyotumika ya kusafishia nozeli. Aliambiwa ndiyo ya kisasa. Ilifanya kazi miezi miwili. Iko ndani ya banda imefunikwa turubai, na riba inatembea. Kwa hiyo si kweli kwamba mzee alikataa kubadilika, kama tulivyokuwa tunasema kwenye simu za ukoo. Alijaribu. Alijaribu akiwa ameshachelewa, kwa fedha za watu, na akanunua kitu kisicho sahihi. Nilitamani tairi linimeze.

Nikabadilisha mada, nikamwambia habari ya Williams ya Formula 1, mataji 9 ya timu kati ya 1980 na 1997, halafu 2018, 2019 na 2020 wakawa wa mwisho kabisa. Mwaka 2024 kiongozi wao, James Vowles, alieleza kwamba alikuta orodha ya sehemu za gari, kama 20,000 hivi, inawekwa kwenye Excel. Mzee akauliza Excel ni nini. Nikamwambia ni kama daftari, lakini la kompyuta. Akacheka kidogo, akanyanyua daftari lake la wateja lenye mafuta meusi kila ukurasa. Nashukuru alicheka.

(Tuseme ukweli, mimi nani wa kumcheka mtu? Nafanya kazi kwenye gazeti la karatasi. Habari ninayoituma jioni watu wa Musoma wameshaisoma kwenye simu mchana. Na sisi mauzo yalipokuwa mazuri hakuna aliyeuliza kitu kwenye kikao.)

Jumamosi tukakutana Butiama, nyumbani kwa bibi, si mbali na alipozikwa Mwalimu. Tulikula ugali wa mtama na kuku, mazungumzo yakaanza baada ya kunawa, kama kawaida yetu, na kila mtu akazungumza kwa kuzunguka. Shangazi alinitazama mara tatu nimsaidie. Sikumsaidia. Baba mkubwa alipopewa nafasi hakutetea gereji hata kidogo. Alisema deni ni lake, kiwanja ni chake, na kijana yule ni fundi mzuri, ikibidi kiende kwa mtu basi afadhali kiende kwake. Bibi akauliza kama ile Datsun nayo inauzwa. Watu wakacheka, mzee hakucheka. Mwisho wakampa mpaka Desemba.

Aliponisindikiza hadi kituoni aliniuliza kwa sauti ya chini, akiwa anaangalia pembeni, kile kifaa anachochomeka kijana chini ya usukani kinaitwaje na kinauzwa shilingi ngapi. Nikamwambia nitatafuta.

Nimetafuta. Kile cha mkononi, kizuri tu kwa Noah na Probox, ni chini ya bei ya ng'ombe mmoja. Miaka mitatu iliyopita kilikuwa kinapatikana pia. Amenipigia mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nimemwambia bado naulizia.