Mjomba, Nyanya na Breki za Kitonga

Wapo wanaosomeshwa na bodi ya mikopo, wapo wanaosomeshwa na wazazi. Mimi nasomeshwa na Noah ya mtumba. Mkopo wangu haufiki asilimia mia, na kinachopungua anajazia mjomba, ambaye hupakia nyanya Ilula na kuzishusha Morogoro kwa gari hilo. Kwa hiyo jamani, nikiongelea sevisi ya gari naongelea ada yangu.

Mjomba ana msemo wake: "Gari inatembea, nitengeneze nini?" Oili habadilishi, anaongeza tu ikipungua. Rejeta anaijaza maji ya bomba. Kikaratasi cha gereji chenye kilomita za sevisi inayofuata kipo, ila kilomita zenyewe zilishapita zamani. Mwaka jana rejeta ilipasuka karibu na Mikumi. Gari likalala siku mbili, nyanya zikaoza kwenye matenga, na mimi nikaanza semista nikiwa nadaiwa. Mjomba akasema ni bahati mbaya.

Likizo iliyopita nilipanda naye. Tangu tunatoka Ilula breki zilikuwa zinalia. Nikamwambia, "Mjomba, hizo pedi zinaisha." Akaongeza sauti ya redio.

Tukaanza kushuka Kitonga. Anayeijua anaijua: kona juu ya kona, ukuta wa mlima huku, korongo kule, malori mbele na nyuma. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kuungua. Mjomba akakanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaona mguu unazama. Akashusha gia, tukateremka polepole mpaka chini. Hakuna aliyesema neno. Hata redio alikuwa ameizima.

Ruaha Mbuyuni fundi akatueleza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Yakipata joto kali yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana mguu unazama. Akashauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Ya mjomba hayakuwahi kuguswa tangu anunue gari.

Nilidhani hofu ile ingetosha. Wapi! Alibadilisha pedi na mafuta ya breki siku ileile kwa sababu hakuwa na namna, lakini tulivyorudi nyumbani, oili na rejeta vikabaki vilevile. Nikamwandikia ujumbe mrefu wenye vipengele vitano. Akajibu, "Sawa mwalimu." Nikajua nimefeli.

Darasani tunafundishwa kuanza na kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Mimi nilikuwa nimeanza na ninachokijua mimi. Tena nilimhubiria mtu mzima anayenilipia ada!

Jioni moja nilimkuta bustanini kwake, bomba mgongoni, anapiga nyanya dawa ya ukungu. Majani yalikuwa mabichi, hayana doa hata moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba."

"Mbona unapiga dawa na nyanya haziumwi?"

Akacheka. "Ukishauona ukungu umeshachelewa. Shamba lote linaondoka."

Sikusema kitu. Nikageuka tu kuiangalia Noah pale uani. Naye akaiangalia. Akaendelea kupiga dawa hadi mwisho wa tuta, kisha akauliza, kama vile habari haimhusu, "Hiyo oili wanasema kila kilomita ngapi?"

Gereji anakopeleka wanamwandikia kila 5,000. Siku hizi kikaratasi kile kinaning'inia kwenye kioo cha ndani, na zinazobaki anazihesabu mwenyewe. Wiki iliyopita alinipigia: "Mjomba, zimebaki 300, Jumamosi naingia gereji." Nikampongeza. Kabla sijakata simu akaniuliza mtihani ni lini. Nikamwambia bado wiki tatu, nitaanza kusoma tu.

"Aha," akasema. "Kwa hiyo unasubiri sapu ndiyo ufungue daftari?"

Nimeandika makala haya maktaba.