Takwimu Mezani pa Mkurugenzi

Mfumo wa taarifa za uongozi, kwa maana inayokusudiwa katika tawasifu hii, ni utaratibu wa kukusanya takwimu za kampuni kutoka idara zake zote, kuzioanisha, kuzichuja na kuzifikisha kwa wakurugenzi zikiwa chache na zinazosomeka kabla uamuzi haujafanywa. Uzito uko katika maneno hayo ya mwisho, kwa kuwa ni nadra kampuni kukosa taarifa, ila aghalabu taarifa hizo hufika wakati mkataba umeshasainiwa na mzigo umeshaondoka, zikabaki kuwa kumbukumbu tu. Mwandishi, ambaye katika kurasa hizi ataitwa hivyo kwa sababu kinachosimuliwa ni kazi zaidi kuliko mtu, alitumia sehemu kubwa ya utumishi wake akijenga mfumo wa aina hiyo katika kampuni moja ya kusaga na kusambaza unga wa ngano jijini Dar es Salaam, alikoajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiwa mhasibu wa gharama, yaani mhasibu anayefuatilia jinsi kila shilingi inavyoingia katika bidhaa mpaka bidhaa hiyo inapotoka getini.

Biashara ya unga haina huruma kwa uamuzi uliochelewa. Ngano nyingi inayosagwa Tanzania hutoka nje ya nchi, hulipiwa kwa dola, na hufika bandarini wiki kadhaa baada ya kuagizwa, ilhali unga wenyewe huuzwa kwa shilingi na mara nyingi kwa mkopo, kwa mawakala wanaowauzia waoka mikate, wenye mahoteli na mama lishe. Isitoshe, faida yote hutegemea kiwango cha utoaji, yaani kiasi cha unga kinachopatikana kutokana na kiasi fulani cha ngano: tani 100 za ngano hutoa takriban tani 75 hadi 80 za unga mweupe, na sehemu kubwa ya zinazosalia ni pumba zinazouzwa kwa wafugaji kwa bei ya chini sana. Kwa kinu kinachosaga tani 300 kwa siku, kiwango hicho kikishuka kwa asilimia moja tu, tani tatu za unga, sawa na mifuko 60 ya kilo 50, huwa zimegeuka pumba kila siku, na mkurugenzi anayelijua hilo baada ya mwezi mzima hana la kufanya ila kuuliza nani alaumiwe.

Hali ndivyo ilivyokuwa mwandishi alipoanza kazi. Matawi ya Morogoro, Dodoma, Mbeya na Mwanza yalituma hesabu zao kwa faksi iliyofifia au katika bahasha zilizokabidhiwa makondakta wa mabasi, na taarifa ya mwezi iliifikia menejimenti mwezi uliofuata ukiwa umefika katikati. Hata hivyo, ucheleweshaji haukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi lilikuwa kwamba kikao cha menejimenti kilianza na takwimu tatu tofauti za mauzo ya mwezi mmoja, ambapo idara ya mauzo ilihesabu oda zilizopokelewa, ghala likahesabu mifuko iliyotoka, na uhasibu ukahesabu ankara zilizoandikwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na asubuhi nzima ilipita watu wazima wakibishana juu ya mauzo yalikuwa kiasi gani, huku swali la iwapo meli nyingine ya ngano iagizwe likisubiri baada ya chai. Wapo waliodhani kwamba kompyuta mpya ingeyamaliza mabishano hayo, lakini kompyuta ingezitoa takwimu zilezile tatu, tena kwa haraka zaidi.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ilikuwa ya kuandika daftari la maana, lililoeleza kila kipimo kinahesabiwa vipi, kutoka hati gani, na kinafungwa saa ngapi. Mauzo yalikubaliwa kuwa ni mzigo uliopimwa kwenye mizani ya getini, ukapokelewa na wakala aliyeweka saini, ukaandikiwa ankara, kisha ukapunguzwa mifuko iliyorudishwa. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyoleta mtafaruku. Ilikuwa desturi ya maofisa mauzo kusukuma mzigo mwishoni mwa mwezi, maana yake kuwashawishi mawakala wachukue mifuko mingi kuliko wanavyoweza kuuza ili lengo la mwezi lifikiwe, kwa makubaliano ya kimyakimya kwamba mingine itarudi wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata. Ni haki kusema kwamba maofisa hao hawakuwa wezi, kwani walilipwa kamisheni kwa ankara, nao walifanya hasa kile walicholipwa kukifanya. Mifuko iliyorudi ilipoanza kuandikwa dhidi ya mwezi ule ule ilipotoka na dhidi ya jina la ofisa aliyeitoa, wakurugenzi walitazama kurasa kadhaa za namna hiyo, kisha wakabadilisha kamisheni ihesabiwe kwa fedha zilizokusanywa. Uamuzi huo mmoja, kwa maoni ya mwandishi, uliinufaisha kampuni kuliko michoro yote ya rangi iliyokuja baadaye.

Fikra za kazi hii hazikuzuka Dar es Salaam. Mwaka 1979 John Rockart wa chuo cha MIT nchini Marekani alieleza mbinu ya kuwahoji wakuu wa kampuni ili wataje maeneo machache ambayo yakienda mrama kampuni nzima huenda mrama, kisha taarifa zikajengwa kuzunguka maeneo hayo, badala ya kuwarundikia kila kilichomo katika vitabu vya hesabu. Mwaka uliotangulia, kiwanda cha ndege cha Lockheed-Georgia kilikuwa kimeanza kujenga mfumo wake wa taarifa kwa wakuu wake, na katika mfumo huo kila ukurasa wa skrini ulionyesha chanzo cha takwimu pamoja na jina na simu ya mtu wa kuulizwa. Mwandishi aliichukua desturi hiyo bila kuibadili. Pembeni mwa kila takwimu lilichapwa jina la aliyeitoa na saa aliyoitoa, na tangu hapo meneja wa kinu akaacha kutuma makadirio akiyaita vipimo, kwa kuwa alijua kwamba simu ingelia mezani kwake na siyo kwa mhasibu.

Taarifa yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja wa karatasi ya A4, uliotoka kila asubuhi ya siku ya kazi. Juu kabisa palikuwa na akiba ya ngano kwa siku, yaani siku ambazo kinu kingeweza kusaga bila meli nyingine kufika. Chini yake kiwango cha utoaji cha zamu tatu, kila zamu peke yake kwa sababu wastani wa siku ulificha zamu ya usiku. Kisha mauzo ya kila tawi, fedha zilizoingia benki, na madeni kwa umri wake, yakigawanywa kati ya yaliyo chini ya siku 30, yaliyofika 60 na yaliyozidi 90. Kila mtu aliyeomba safu mpya aliulizwa ni uamuzi gani angeufanya kwa takwimu hiyo, na asiyekuwa na jibu alinyimwa, jambo lililomletea mwandishi sifa ya ukaidi ambayo hakuikataa.

Ulinganisho na mwaka uliopita ulihitaji uangalifu wa pekee. Programu zilizonunuliwa kutoka nje zililinganisha mwezi na mwezi wa jina lilelile, lakini katika miji ya pwani mauzo ya unga hupanda Ramadhani, wakati chapati, sambusa na kaimati zinapopikwa karibu kila nyumba jioni, na Ramadhani husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2008 mfungo uliangukia karibu Septemba nzima, na mwaka 2011 ukaangukia karibu Agosti nzima, hivyo Septemba ya mwaka huu wa pili ingeonekana kuwa mwezi wa maafa kwa msomaji aliyeilinganisha na ile ya 2008. Mstari wa ziada uliolinganisha miezi ya Kiislamu uliongezwa kwa matawi yaliyouhitaji, na mshauri mmoja wa kigeni aliyeuona aliuita pambo la mahali, mpaka alipoonyeshwa oda ya ngano iliyopangwa bila huo mstari.

Kuhusu mitambo hapana mengi ya kusema. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 matawi yalianza kuingiza hesabu moja kwa moja katika kanzidata ya makao makuu, na malipo kwa simu, yaliyoanza nchini kwa M-Pesa mwaka 2008, yaliwezesha tarehe halisi ya wakala mdogo kulipa ijulikane siku ileile. Karatasi ikawa dashibodi, yaani ukurasa wa kompyuta unaojihuisha wenyewe, ingawa mkurugenzi mmoja aliendelea kuuchapisha ili auandike pembeni kwa kalamu.

Lililobaki bila kuafikiwa ni makisio. Bodi ilitaka mauzo yanayotarajiwa yawekwe safu moja na mauzo yaliyokwisha kutokea ili mwelekeo uonekane kwa jicho moja, naye mwandishi alishikilia kwamba jambo lililopimwa na jambo linalotumainiwa yasikae bega kwa bega, kwa kuwa msomaji mwenye haraka huyapa imani sawa. Alipostaafu, makisio yalikuwa yanachapwa ukurasa wa pili, yakiwa na jina la aliyeyakisia na, kwa sharti la mwandishi, makisio yake ya mwezi uliotangulia pamoja na kile kilichotokea.