Mguu Ulioteguka na Picha Yake

Katika maumivu yampatayo mwanadamu, mteguko wa kifundo cha mguu ni katika yale yanayodharauliwa mno. Haumlazi mtu kwa homa, wala hauwakusanyi majirani mlangoni kumwuliza hali. Mtu ateleza katika njia ya shamba wakati wa masika, mguu wapinduka kwa ndani, asikia uchungu mkali, kisha ainuka na kujipangusa matope. Jioni mguu umevimba, na mashauri yaanza. Huyu ataka ukandwe kwa maji ya moto. Huyu asema aitwe mkandaji auvute. Na yule aliyewahi kukaa mjini ashikilia kwamba hapana lifaalo ila eksirei.

Mashauri hayo yote yana kasoro moja, nayo ni kwamba jibu limetangulia swali. Yafaa kwanza kuuliza: ni kitu gani kilichoumia?

Kifundo cha mguu kimeungwa kama seremala aungavyo mbao kwa ulimi na tundu. Muundi na mfupa mwembamba ulio ubavuni mwake ndio tundu. Mfupa ukaao chini yao ndio ulimi. Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano. Mguu upindukapo kwa ndani, mara nyingi ya kwanza kuumia ni kano fupi iliyo mbele ya nundu ya nje. Ikiwa ni hiyo peke yake, mgonjwa huhitaji kupumzika kidogo, kufungwa kitu cha kuushikiza mguu, kisha kuanza kuutumia mapema na kujizoeza kusimama kwa mguu mmoja. Lakini nguvu ile ile iliyochana kano yaweza kuvunja nundu, au kung'oa kipande katika shina la mfupa mrefu wa kidole kidogo, au kupasua gegedu, au kumtenga muundi na mwenzake. Kwa macho, majeraha haya yote hufanana: uvimbe, weusi wa damu iliyovilia, na kuchechemea. Na mguu uliovunjika ukikandwa na kuvutwa huzidi kuharibika.

Wilhelm Röntgen alipoigundua miali ya eksirei huko Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895, alimpa tabibu uwezo wa kuuona mfupa bila kisu. Kwa muda wa miaka mingi baadaye, katika nchi zenye mashine nyingi, karibu kila aliyeingia hospitali akichechemea alipigwa picha. Hata hivyo, waliokutwa wamevunjika hawakufika 15 katika kila 100. Wengine wote walingoja saa nyingi na kulipiwa gharama ili waambiwe kwamba mifupa yao ni mizima.

Kwa ajili hiyo, mwaka 1992, Daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni zinazofuatwa leo katika nchi nyingi. Kanuni hizo hazihitaji mashine yo yote. Tabibu hubonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya nundu ya nje, kisha ya ndani, akipanda sentimita 6 juu ya mfupa. Hubonyeza pia shina la ule mfupa wa kidole kidogo, na mfupa ulio upande wa ndani katikati ya wayo. Halafu huuliza kama mgonjwa aliweza kwenda hatua 4 mara alipoumia, na kumtaka azijaribu tena mbele yake. Kuchechemea kwahesabiwa kuwa ni kwenda. Ikiwa mfupa wauma ubonyezwapo mahali hapo, au ikiwa mgonjwa hakuweza kwenda wakati ule wala hawezi sasa, apigwe picha. Ikiwa sivyo, mara nyingi picha haina kazi.

Mwaka 2003 wataalamu waliukusanya pamoja uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 15,000, wakaona kwamba kanuni hizi ziliwakosa waliovunjika wachache mno, wasiofika 2 katika 100, na kwamba zaweza kupunguza picha kwa kadiri ya thuluthi moja. Lakini hazimfai mlevi, wala mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi, kama wapatavyo baadhi ya wenye kisukari. Kwa maana asiyesikia uchungu hawezi kutoa ushahidi wake.

Picha nayo ina adabu yake. Hupigwa mara tatu: kwa mbele, kwa ubavu, na mguu ukiwa umegeuzwa kidogo kwa ndani ili ile nafasi iliyo kati ya ulimi na tundu ionekane sawasawa. Nafasi hiyo ikipanuka upande mmoja, kano zimeachia, hata kama hapana mfupa uliovunjika. Tena tangu mwaka 1840 daktari Mfaransa Maisonneuve alieleza jinsi mguu usokotekapo kifundoni mfupa mwembamba uwezavyo kuvunjika juu kabisa, karibu na goti. Picha ya kifundo haifiki huko. Tabibu asipoupapasa mguu wote, jeraha hilo humpita.

Hapa ndipo penye hatari imnyimayo mtu riziki yake. Mgonjwa huambiwa, "Hakuna mfupa uliovunjika," naye husikia, "Huna kitu." Maneno hayo mawili si mamoja. Eksirei haionyeshi kano wala gegedu. Mkulima aliyepewa jibu hilo hurudi kwenye jembe, na karani hurudi kwenye baiskeli yake. Miezi yapita, mguu wamwachia ghafula akiteremka mtelemko, au wakwama kama mlango mbovu, naye aona haya kurudi hospitali kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba ni mzima.

Mtu huyo asione haya. Ikiwa majuma 6 yamepita na maumivu hayapungui, ziko picha za namna nyingine. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, nayo huonyesha kano huku mguu ukichezeshwa. Siti-skani, iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza London mwaka 1971, huonyesha nyufa ndogo za mfupa zilizofichika. Mashine ya sumaku, iitwayo MRI, huonyesha gegedu, kano na mfupa uliopondeka kwa ndani. Lakini hii ni ya gharama, na wengi huifuata mbali; kumwuzisha mtu mbuzi wake kwa ajili ya mteguko wa juzi uponao wenyewe ni kumwonea.

Basi aendapo kwa tabibu, mgonjwa na aeleze mambo haya wazi: mguu ulipinduka upande gani, alisikia mlio au hakusikia, aliweza kwenda hatua ngapi, na mahali hasa panapouma. Akiambiwa picha haihitajiwi, asidhani amedharauliwa, maana vidole vimekwisha kufanya kazi yao. Akiambiwa mfupa ni mzima, aulize arudi lini kama hajapona, na siku hiyo ikifika arudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.