Mkaja

Juzi, katika posa ya mjukuu wangu, bahasha zilipoletwa kwetu wanawake na moja ikatajwa kuwa ni ya mkaja, mwenyewe bibi harusi aliniinamia akaninong'oneza, "Bibi, mkaja ndio nini?" Ghadhabu ikanipanda, kisha nikaona haya, maana nani alimfundisha?

Mkaja ulikuwa kitambaa, aghalabu merikani, alichofungwa mzazi tumboni baada ya kukandwa kwa maji ya moto. Na mwenye kuposa humpa mama wa binti fedha kwa jina hilo, kuwa ni kumbukumbu ya kiuno kilichokazwa kwa ajili yake.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa mwaka 1968, cheti chasema 1969, na marehemu mama, aliyehesabu kwa miezi ya Mfunguo, hakuafiki mmojawapo, basi tuyaache. Nilikumbukalo ni duka la Mshihiri mmoja pale Kibokoni, jembamba kama ujia, ambalo harufu yake ilikulaki kabla hujaliona: uvumba, habasoda, na juu ya vyote mvuje, ambao wazee walisema hata shetani haustahimili. Mtoto akitumwa na thumni yake, mzee hakumuuliza neno. Alimtazama uso, akamjua ni wa nyumba gani, akapima pilipili manga na mdalasini katika mizani ya shaba, akafunga katika kipande cha gazeti, kisha akatia kibonge cha mvuje cha kumfunga mchanga mkononi, asikihesabu. "Mwambie mzazi, hicho changu."

Uji ule wa pilipili manga ulinitoa machozi. Somo yangu alinikanda bila ya huruma, akauvuta mkaja kwa kunitia goti ubavuni. Siku arubaini sikuruhusiwa kuinua hata birika, na usultani ule, nisiseme uongo, ulinichosha nikazihesabu siku kama mahabusi.

Waliofuata niliwazalia hospitali. Mshihiri akafariki, duka likawa la simu. Sheria ya kazi ya 2007 ikampa mzazi miezi mitatu yenye mshahara, zaidi ya mara mbili ya arubaini yetu. Binti yangu akaimaliza peke yake katika ghorofa ya nne Nairobi, akinipigia simu usiku kuniuliza mtoto analilia nini.

Basi juzi hiyo nilifungua kasha, nikautoa mkaja wangu, nikamzungushia mjukuu juu ya kanzu yake mpya.

"Bibi, sipumui!"

"Bado," nikamwambia, nikatafuta pa kuliweka goti.