Bando iliisha kabla sijaandika mstari

Wasee, wanasema kuchangia themu ya WordPress ni bure. Sawa, programu ni bure. Bando je? Juzi hapa Syokimau niliweka Git, nikaweka Node.js, halafu Docker. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Docker ilipakua mafaili mazito, laptopu yangu ya RAM ya 4GB ikanguruma kama matatu ikipanda mlima, bando ikaisha katikati. Na ile ilikuwa pesa ya tokeni za stima, mathe alikuwa amenituma.

Kesho yake nikajaribu WordPress Playground. Inafunguka ndani ya brauza, hakuna cha Docker. Maandishi ya kitufe yalikuwa yamefifia. Nikabadilisha rangi hapo hapo GitHub, nikatuma. Hakuna aliyeuliza kama nilimaliza chuo. Mathe ndiye anauliza, lakini yeye ni tokeni tu.