Barafu Haimsafishi Panya

Ukimwuliza mfugaji wa nyoka wa Manchester au wa Florida leo chakula cha nyoka wake kiko wapi, atakupeleka kwenye friza. Humo, katika mfuko wa plastiki, wamo panya weupe waliokakamaa kama vipande vya ubao, mikia imenyooka, manyoya yameshikwa na umande wa barafu. Miaka arobaini hivi nyuma angekupeleka kwingine: kwenye tundu lenye maranda na harufu ya mkojo, panya wakikimbizana ndani, au angekwambia anangoja Jumamosi aende dukani akanunue mmoja aliye hai. Badiliko hilo ni jema na silipingi. Ninachodai ni kwamba limeishia nusu ya safari. Barafu ilimwondolea nyoka hatari ya meno ya panya, lakini haikugusa kilichomo tumboni mwa panya huyo. Na kwa kuwa kitu kigumu, baridi, kisichonuka hufanana na kitu safi, watu walilegeza uangalifu pale pale walipopaswa kuukaza.

Habari hii ina umri mkubwa kuliko friza. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya nyoka na mijusi mwaka 1849, na kwa miaka mingi watazamaji walikusanyika kuona nyoka wakitupiwa sungura na ndege walio hai. Wapo waliofurahia na wapo waliochukizwa. Peter Chalmers Mitchell alipoingia kuwa katibu wa chama kinachoendesha bustani hiyo mwaka 1903, alikuta imani ambayo wengi waliirithi bila kuipima, kwamba nyoka hali kisichokimbia. Yeye na Reginald Pocock, aliyekuwa msimamizi wa bustani, wakaipima. Mwaka 1907 walichapisha matokeo: sehemu kubwa ya nyoka na mijusi waliyokuwa nayo ilikula mnyama aliyekwisha kuuawa bila shida. Kwa hiyo swali ambalo wafugaji wapya bado wanaulizana lilijibiwa zaidi ya karne moja iliyopita. Kilichokosekana ni mahali pa kuhifadhia maiti hizo. Bustani kubwa ina wafanyakazi wa kuua panya asubuhi na kuwagawa mchana. Mtu mwenye nyoka mmoja chumbani hana. Friza ya nyumbani, pamoja na mashamba ya kuzalisha panya kwa maelfu na kuwauza kwa mfuko, ndiyo iliyomletea mfugaji mdogo kile ambacho bustani ilikuwa nacho tangu zamani.

Wanaotetea panya hai husema kwamba porini hakuna anayemgandishia nyoka chakula. Ni kweli, lakini porini panya ana pa kukimbilia, na nyoka pia. Ndani ya sanduku la kioo hakuna anayeweza kuondoka. Nyoka asiye na njaa hujikunja pembeni, na panya akiachwa naye usiku kucha bila chakula huanza kumtafuna mgongoni. Waganga wa mifugo wanaotibu nyoka wanayajua majeraha hayo: magamba yameliwa, nyama imechimbwa, pengine mfupa wa uti unaonekana. Isitoshe, hata hiyo hoja ya porini haisimami sawasawa. Mwaka 2002 Travis DeVault na Aaron Krochmal walikusanya taarifa zilizokwisha kuandikwa kuhusu nyoka wanaokula mizoga, wakaonyesha kuwa tabia hiyo imeenea kuliko ilivyodhaniwa. Ushahidi ulio wazi zaidi uko Guam, kisiwa cha Pasifiki ambacho ndege wake wa msituni karibu wote walimalizwa na nyoka wa miti aliyefika kwa bahati mbaya pamoja na mizigo baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwishoni mwa 2013 Wamarekani waliwadondosha humo kutoka angani panya wapatao 2,000 waliokufa, kila mmoja akiwa amebeba miligramu 80 za parasetamoli, dawa ile ile ya maumivu ya kichwa, ambayo kwa nyoka huyo ni sumu. Mpango mzima ulisimama juu ya jambo moja tu: kwamba nyoka wa porini atammeza panya asiyetikisika.

Nakiri kwamba wako wakaidi. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin, anasifika kwa kususa chakula, hasa akiwa amekamatwa porini. Lakini chatu huyo ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na panya aliyepashwa vizuri, akitingishwa kidogo kwa koleo refu, humwakia kama aliye hai. Mara nyingi anayeitwa mkaidi ameletewa tu chakula cha baridi.

Kuhusu panya mwenyewe sitasema mengi, ila hili lisipitwe. Friza ni ghala, si machinjio. Mashamba yanayofuata taratibu huwaua panya kwa gesi ya kaboni dioksidi kabla ya kuwagandisha, na miongozo ya madaktari wa mifugo wa Marekani haimkubali anayemtia mnyama mwenye fahamu kwenye baridi afe polepole. Anayezalisha panya wake nyumbani na kuwatumbukiza kwenye friza wakiwa hai amehamisha ukatili kutoka kwenye kioo hadi nyuma ya mlango.

Sasa tuje kwa kilichobaki tumboni. Kuanzia Agosti 2008 Uingereza iliona watu zaidi ya 400 wakiugua kwa aina moja ya salmonela, na uchunguzi ukafika kwenye panya wa kugandishwa walioagizwa kutoka Marekani. Marekani kwenyewe watu zaidi ya 30 katika majimbo 17 waliugua kwa bakteria wa aina hiyo, na Julai 2010 muuzaji mmoja akawarudisha panya wake kutoka kwa wateja. Mwaka 2014 jambo likajirudia huko huko Marekani, kwa shamba jingine na makumi ya wagonjwa wengine. Uingereza nayo, kati ya 2015 na mwanzo wa 2022, ilihesabu wagonjwa zaidi ya 850 waliohusishwa na panya wa kulishia nyoka, na Februari mwaka huo ikafunga mlango kwa panya waliotoka Lithuania. Sehemu kubwa ya waliougua katika mikasa hii ilikuwa watoto. Ukizitazama tarehe hizo pamoja unaona kitu: maradhi yalifuata biashara. Zamani panya mwenye salmonela aliambukiza nyumba moja. Panya wa shamba moja wanapoingia kwenye mifuko elfu na kupandishwa ndege, wanaingia kwenye nyumba elfu, nchi mbili au tatu, kabla ya daktari yeyote kuunganisha mgonjwa wa mji huu na wa mji ule. Barafu ndiyo iliyowezesha safari hiyo. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri humlaza bakteria, haimuui. Anaamka panya anapoyeyuka.

Hapa huja jibu ambalo lina akili ndani yake: hata kuku wa buchani ana salmonela, na bado tunamweka kwenye friji ile ile na maziwa. Mbona makelele kwa panya? Tofauti ni tatu. Kuku amekwisha kutolewa matumbo. Panya anakuja mzima na kinyesi chake. Kuku atapikwa, na moto ndio unaomaliza kazi. Panya hapikwi kamwe. Na kuku hufika mezani akaisha, ilhali panya huingia ndani ya nyoka, ambaye anaweza kubeba salmonela bila kuonyesha dalili yoyote, akaitoa kinyesini, akaisambaza kwenye maji yake, kwenye kioo chake, na kwenye mikono ya mtoto anayembeba. Ukweli huo haukuanza na nyoka. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kasa wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4 mwaka 1975, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua. Kwa hiyo anayesema panya ni nyama kama nyama nyingine amesema nusu. Ni nyama mbichi isiyotayarishwa ambayo haitafikia jiko.

Ukikubali hilo, ununuzi nao hubadilika. Panya wa kweli wa kulishia hununuliwa kwa aliyewazalisha kwa kazi hiyo. Yule wa mtegoni dukani kwa Fulani huenda amekula sumu ya panya, na sumu hiyo haijui kuishia kwa mmoja. Yule wa maabara au wa kliniki ya mifugo, aliyeuawa kwa dawa ya sindano, ni mbaya zaidi, kwa kuwa dawa hubaki mwilini na kumwua nyoka pia. Mfuko wenyewe husomeka ukiutazama kwa makini. Panya waliogandishwa mara moja hutengana ukiwatikisa na kugongana kama mawe. Walioyeyuka njiani wakagandishwa tena huwa wamelaliana na kushikana, wengine wamebanwa ubavu mmoja, na chini ya mfuko kuna barafu yenye wekundu wa damu. Tumbo lenye rangi ya kijani ni la kutupa. Mzigo ukifika kwa posta kwenye boksi la povu, ubonyeze hapo hapo. Ulio laini ukataliwe. Halafu kuna tamaa ya bei ya jumla. Nyoka mzima wa mahindi, yule mwekundu wa Marekani anayependwa na wanaoanza, hula panya mmoja kila siku saba hadi kumi na nne. Mfuko wa panya 50, kwa mmoja kila siku kumi, ni chakula cha siku 500. Mafuta huchacha hata kwenye barafu, vitamini E hupungua, ngozi hukauka na kugeuka njano. Miezi sita ni kipimo cha busara. Aliyenunua nafuu ya karibu mwaka na nusu atatupa zaidi ya nusu ya nafuu hiyo.

Mahali pa kuwaweka ni friza yao wenyewe, na kama haipo, sanduku gumu lenye kifuniko, lililoandikwa tarehe, likae chini ya chakula cha watu na si juu yake. Hapa umeme unaokatika ni adui asiyeonekana. Friza ikizimika usiku na kuwaka alfajiri, asubuhi utakuta kila kitu kigumu tena, kana kwamba hapakutokea kitu. Dawa yake ni ya senti: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe ndani. Siku ukiikuta sarafu imezama, panya wako waliyeyuka, hata wakigongana kama mawe. Hila hii nadhani ingewafaa wahudumu wa bustani zetu za nyoka Afrika Mashariki kuliko yeyote wa London.

Kuyeyusha ndiko kunakoharibu kazi yote iliyotangulia. Panya hutolewa usiku kabla ya kulisha, akawekwa rafu ya chini ya friji ndani ya chombo chenye kifuniko kisichotumika kwa jambo lingine. Siku ya pili, akiwa ndani ya mfuko uliofungwa, huzamishwa kwenye maji ya moto ya bombani kwa dakika chache, kisha hubonyezwa tumboni: kama katikati bado ni baridi au kigumu, arudi majini, maana nyoka aliyemeza barafu huitapika. Bakuli ni lake, koleo ni lake, na kuosha si kwenye sinki la vyombo. Mikono kwa sabuni, kila mara. Aliyekataliwa na nyoka hutupwa; hagandishwi tena. Wengine huuliza mbona wasitumie maikrowevu, ikaua bakteria papo hapo. Maikrowevu hupasha visehemu: mgongo unaiva, kifua bado kimeganda, na tumbo hupasuka, ndipo kilichokuwa ndani kinapofika kwenye sahani ambayo kesho itapashiwa wali. Kuchemsha kabisa nako huua bakteria, ila huacha panya aliyechanika ngozi na kumwagika, ambaye nyoka wengi hawamtaki.

Ipo njia moja inayofanya kile ambacho barafu haifanyi, nayo ni mionzi. Panya waliofungwa mifukoni wanaweza kupitishwa kwenye mionzi wakiwa bado wameganda, bakteria wakafa bila nyama kuiva. Bei hupanda, na wafugaji hulalamika kwamba hobi yao inafanywa ya matajiri. Nawaelewa, lakini gharama haikuanzia kwenye mionzi. Ilikuwepo siku zote, ikilipwa na mtoto mwenye homa na kuhara ambaye pengine hata nyoka si wake, ni wa kaka yake. Na hata panya wa mionzi akishafunguliwa juu ya meza ya jikoni, anaweza kuchafuka upya. Kwa hiyo sabuni haistaafu.

Wasomaji wengi wa Nairobi au Dodoma hawatafuga nyoka. Nchini Kenya hata sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kufanya hivyo bila leseni. Lakini wapo Waswahili wa Leicester na Minneapolis ambao mtoto wao amerudi kutoka shuleni akililia nyoka wa mahindi, na mama ameshakubali kwa sharti kwamba panya wasionekane. Kwenu nyinyi, na kwa wanaouza, ombi langu ni moja. Picha ya nyoka mzuri kwenye mfuko ipunguzwe, na mahali pake paandikwe kwa herufi zinazosomeka bila miwani: nyama mbichi, haijaoshwa, haijapikwa, weka mbali na chakula na watoto.