Sababu ya Safari

Kwetu Mpanda, mwanamke akionekana stesheni na begi, watu humuuliza nani amefariki. Kama hakuna msiba basi kuna harusi, na kama hakuna harusi anampeleka mgonjwa Bugando au Muhimbili. Sisi wa biashara tunajulikana kwa mizigo yetu. Nauza mchele tangu wanangu wakiwa wadogo. Wakati wa mavuno nakwenda Kakese na Mwamkulu, nanunua mpunga kwa gunia, nakoboa mjini, kisha nasafirisha. Tabora nimefika, Mwanza nimefika, Dar es Salaam nimefika, na kote huko sikuwahi kufika bila gunia au kilio. Ninachoshuhudia hapa ni habari za safari moja niliyokwenda peke yangu, bila mzigo na bila msiba, na jinsi ilivyonigeuza.

Nianze na uchovu, maana ndio ulionitoa nyumbani. Katika mkoa wetu wa Katavi msichana huanza kulea mapema mno. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulitukuta tunaongoza nchi nzima: katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Mimi nilizaa kabla utafiti huo haujafikiriwa, nikiwa na umri huohuo. Tangu hapo nikawa mama wa fulani, kisha mke wa fulani, kisha mjane wa fulani. Watoto walipomaliza shule walikuja wa wadogo zangu. Hakuna aliyenionea. Ndivyo maisha yalivyopangwa, na niliyapenda. Lakini mwili ulianza kunidai. Nilikuwa naamka usiku nahesabu magunia ambayo nilishayauza.

Mwisho wa mwaka kikundi chetu cha vicoba kilipovunja mzunguko, nilichukua gawio langu na sikumwambia mtu ni kiasi gani. Nilikuwa na mteja, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka kisiwa cha Mafia, na kila alipokuja kuchukua mchele alinisimulia bahari inayoondoka mchana ikaacha mchanga mtupu, halafu ikarudi jioni. Mimi nimekulia kwenda Karema na Ikola kufuata dagaa na migebuka. Ziwa Tanganyika nalijua, lina kina kuliko maziwa yote ya Afrika, lakini halijawahi kuniondokea. Nikatamani kuiona bahari hiyo ya mwalimu.

Wifi yangu alinijia jioni, akakaa.

“Wifi, huko Mafia unakwenda kwa nani?”

“Siendi kwa mtu, wifi. Naenda kupumzika.”

“Watu watasema umepata mwanaume.”

“Waache waseme. Wewe nisaidie kumwangalia mama.”

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nitakula nini njiani. Hapo nilijua amekubali. Kesho yake aliniletea karanga za kukaanga na kuku wa kienyeji aliyefungwa vizuri.

Niliondoka kwa treni. Reli yetu, tawi linalotoka Kaliua hadi Mpanda, ilijengwa na Waingereza karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, na mgodi ulipofungwa sisi tukabaki na reli. Imebeba mpunga wetu, asali yetu na wagonjwa wetu. Imewabeba pia majirani zetu wa Katumba, waliofika kutoka Burundi wakikimbia mauaji ya mwaka 1972 na leo wengi wao ni raia wenzetu. Nilikata tiketi ya daraja la pili la kulala, ambako wanawake huwekwa chumba chao na wanaume chao. Ningemshauri hivyo mwanamke yeyote anayeanza. Unalala, begi lako liko kichwani, na wenzako ni akina mama wanaojua kukulindia kitu ukienda chooni. Kupita misitu ya miyombo hadi mto Ugalla bila kuwaza mzigo ulio kwenye behewa la nyuma kulikuwa kugeni kwangu. Nilitazama miti. Miaka yote nilikuwa napita pale nikitazama risiti.

Dodoma nilihamia treni ya umeme, iliyoanza kufika huko mwaka 2024, na saa chache baadaye nikawa Dar. Usiku ule ndio ulikuwa mgumu. Katika gesti ya kwanza niliyoingia, kijana wa mapokezi alitazama nyuma yangu kumtafuta mwanaume, alipomkosa akasema vyumba vimejaa. Nilikuwa nimefika kabla ya giza, kwa makusudi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutafuta nyingine. Naieleza habari hii kwa sababu wanawake wengi hurudi nyumbani kwa ajili ya jambo kama hilo, wakidhani wamefanya aibu. Hakuna aibu. Mlango unaofuata ulifunguka.

Kutoka Mbagala basi linapita Bungu hadi Nyamisati, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Hapo ndipo nilipokutana na simulizi za mwalimu. Boti haiondoki kwa saa ya ukutani peke yake. Maji yakiwa yamekupwa, mtangoja yajae. Wanawake wa Mafia waliokuwa wanarudi kwao walikuwa wametandika kanga, wanamenya machungwa, hakuna anayehangaika. Mimi, ambaye maisha yangu yote ni kuwahi mashine kabla umeme haujakatika, niliona watu wazima wamekaa kwa utulivu kwa sababu bahari bado. Mmoja alinisogezea kipande cha mkeka. “Kaa, mwanangu,” alisema. Nina wajukuu. Ilikuwa imepita miaka tangu mtu aniite mwana wake, na nilikaa pale machozi yakinilengalenga.

Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, nilipewa daftari la wageni. Kila aliyelala gesti Tanzania analijua: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, sababu ya safari. Kalamu ilisimama kwenye safu ile ya mwisho. Juu yangu walikuwa wameandika biashara, kikazi, msiba, kikazi. Nikaandika: kupumzika. Dada wa mapokezi alisoma, akaninyanyulia uso.

“Mama, umekuja kupumzika tu? Peke yako?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Basi nikupe chumba cha nyuma. Huku mbele bodaboda wanapiga kelele.”

Nililala mpaka jua likawa juu. Sikumbuki lini niliwahi kufanya hivyo.

Siku zilizofuata sikufanya mambo makubwa. Nilikunywa uji wa pilipili manga, nikala pweza wa nazi, nikatembea ufukweni bahari ilipokuwa imekupwa na kuwatazama akina mama wakiokota chaza. Nilivuka kutoka Utende kwenda kisiwa cha Chole, ambako popo wakubwa hulala wamening’inia mitini mchana kutwa, na magofu ya utawala wa Kijerumani yameshikwa na mizizi. Mzee mmoja aliyekuwa anachonga mbao za mashua alinieleza kwamba Waingereza waliiteka Mafia mwaka 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kuitumia kuiwinda meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Nikamweleza habari za Liemba yetu, meli ya Wajerumani ya vita hiyohiyo, iliyozamishwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kubeba abiria. Tulizungumza hadi adhuhuri, mtu wa bahari na mtu wa ziwa, na hakuniuliza mume wangu yuko wapi.

Kulikuwa pia na papa potwe. Huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, na ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Hali watu, chakula chake ni viumbe vidogo anavyochuja majini. Nilichangia boti na wageni wengine, nikavaa jaketi okozi. Nahodha alipozima injini na mgongo ule wenye madoa meupe ukapita chini yetu, mrefu kuliko boti, niliteremka majini nimeshika kamba. Niliogopa sana. Niliteremka. Mnyama alipita bila haraka, hakunijali. Mafia imekuwa na hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, ya kwanza nchini, na nilimshukuru Mungu kwa watu walioamua mapema kwamba viumbe wa bahari walindwe.

Jioni ile, nikiwa nimekaa na chumvi mwilini, swali lilinijia lenyewe. Nimekuja mwisho wa nchi kutazama mnyama. Je, kiboko wa mto Katuma wa kwetu nimemwona lini? Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na ina kilometa za mraba 4,471. Geti la Sitalike liko kilometa 35 hivi kutoka mjini kwetu. Watu wanatoka Ulaya kwa ndege ndogo kuja kuona viboko wakibanana katika madimbwi ya mwisho ya kiangazi. Mimi, mzaliwa wa Mpanda, nilikuwa nimepita pembeni ya hifadhi ile na magunia mara zisizo na idadi na sikuwahi kuingia.

Nilirudi na kulipeleka swali hilo kwenye kikundi. Wengine walicheka, wengine walisema hifadhi ni ya wazungu. Niliwaeleza kwamba kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni, na kwamba tukikodi gari pamoja, gharama inakuwa ndogo kuliko ya sare ya harusi moja. Leo kikundi chetu kina mfuko wa mapumziko kando ya mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Tulikwenda wakati wa kiangazi. Tuliona viboko wamerundikana kwenye tope, tukasimuliwa habari za Katabi, mzimu uliolipa eneo lile jina, na mkwaju wake kando ya Ziwa Katavi ambako wenyeji bado huacha sadaka. Wifi yangu alikuwa kiti cha mbele. Alirudi akaniuliza nauli ya Mafia.

Mimi bado nauza mchele, bado nalea, na misiba naihudhuria kama zamani. Ila kila mwaka nina siku zangu, zimeandikwa, na familia inazijua. Usiku nalala.

Dada yangu unayesoma haya ukiwa Kawajense, Inyonga au Majimoto, usingoje mtu afe ndipo upande gari. Mwambie mtu mmoja unayemwamini unakokwenda, fika kabla ya giza, pesa yako iweke kwenye simu, na ukipewa daftari andika sababu yako ya kweli. Kama Mafia ni mbali, anza na Sitalike.